Siku Tano Nilizolala Kisiwani

Akiru,

Kitambulisho cha mama yako hakijapotea. Acha kumwambia kila mtu kwamba mama amezeeka na anasahau anapoweka vitu. Ninacho mimi. Nilikitoa kwenye kipochi chake Jumapili, mlipokuwa kanisani, na mpaka saa hii ninapoandika kiko chini kabisa ya debe la unga wa ngano, hapa hotelini. Kesho asubuhi ndege inaondoka Lodwar, na bila kitambulisho mama yako hapandi. Ndivyo nilivyotaka iwe.

Umeenda Kakuma kuwaaga wenzako wa kliniki, na jioni utarudi uanze tena kupindua magodoro. Wateja wa mchana wameisha, mama yako yuko uani na vyombo, nami nimekaa kwenye meza ya pembeni na daftari la kuandikia oda. Nakuandikia kwa sababu tukizungumza tutapigana. Nina hasira na wewe, na sitaificha nyuma ya maneno matamu ya kuagana. Mambo ya kubeba sweta na kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua kamuulize mtu mwingine. Una miaka ishirini na minne, na umeshajua kupanga maisha ya watu wengine, basi panga na yako.

Nianze na huo mpango wako. Umepata kazi hospitali ya pwani, vizuri, nilifurahi na nikachinja mbuzi. Halafu ukasema kabla ya kuanza kazi una siku kumi na mbili za kupumzika kwenye kisiwa kidogo, wewe na mama yako, kisha yeye atarudi Lodwar na wewe utabaki huko. Jumamosi baada ya chakula ukatoa simu ukatusomea orodha kama karani wa kanisa. Siku ya kwanza kulala. Siku ya pili kulala, kisha kutembea ufukweni. Siku ya tatu kuangalia samaki kwa miwani ya majini, mtu akipenda. Mafuta ya kujipaka jua lisikuunguze. Kofia mbili za ukili. Ukamwonyesha mama yako picha ya kitanda cha kamba kilichofungwa kati ya miti miwili, naye akauliza, "Sasa mtu akigeuka si ataanguka?" Mkacheka nyinyi wawili.

Nilikuambia jua liko hapa Lodwar, hatujalimaliza. Mchanga uko hapa, unaingia mpaka kwenye chai. Kamba zipo, na miti ya mikoma iko kando ya mto, mnaweza kujifunga mnavyotaka. Wewe ukasema, "Baba, tunaenda tu kuchili. Mbona unakasirika hivyo?" Nikakuuliza kwa nini unamchukua mama peke yake. Ukaweka simu mezani. Kisha ukasema, na mama yako anasikia, "Mama amechoka, baba. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona amelala mchana hata siku moja. Akikaa kidogo tu, wewe unaanza kuita. Mama Akiru maji, Mama Akiru mkaa. Ni kama unaogopa akipumzika."

Mama yako aliinuka akaenda kutazama moto ambao ulishazimwa. Mimi nilitoka nje nikakaa kando ya ua wa miiba ya mathenge. Sikutoka kwa sababu umenikosea heshima, ingawa umenikosea na sijakusamehe. Nilitoka kwa sababu ulipatia penyewe.

Sasa nisikilize. Wewe hujui kisiwa. Mimi nakijua. Kabla hatujahamia Lodwar, tulipokuwa tukikaa Kerio, nilikuwa mpishi kwenye kambi ya wageni, kwenye kisiwa kidogo cha ziwani. Hilo unalijua, unakumbuka sare yangu nyeupe. Usilolijua ni kwamba watu wanaokuja kupumzika nimewaona kutoka upande wa jikoni, na upande huo haupo kwenye picha zako. Mikate niliioka kwenye bati lililofukiwa mchangani, makaa chini na makaa juu. Ziwa lile upepo wake unaanza usiku na hautulii mpaka jua lipande, kwa hiyo nilioka nimejikunyata nyuma ya turubai, macho yamejaa majivu, ili mtu akiamka mkate uwe wa moto. Walikuwa na orodha kama yako. Saa fulani kutazama ndege, saa fulani kuogelea pale ambapo mamba hawafiki, saa fulani kulala. Mmoja aliniita akalalamika kwamba ndege wa ziwani wanapiga kelele wakati wa kulala, akaniuliza kama naweza kufanya kitu. Nikamwambia nitazungumza nao. Akanishukuru.

Niliwachukia, Akiru. Niliwachukia na niliwatamani, kwa siku moja na kwa moyo mmoja. Nilikuwa natandika vitanda vyao, shuka nyeupe zimenyooka, na nyumbani tulilala kwenye ngozi.

Msimu ukaisha. Wageni wakaondoka, tajiri wa kambi na wafanyakazi wengine wakaondoka, nikaachwa mimi peke yangu nifunge kambi. Kazi ya siku moja: kufua shuka, kukunja mahema, kuvuka na boti ndogo mpaka ufukweni, kisha kuchukua pikapu ya kambi iliyoachwa pale na kuipeleka Lodwar. Ufunguo wa pikapu nilikuwa nao mimi, mfukoni. Kumbuka huo ufunguo.

Jioni ile ya kwanza niliingia hema namba tatu nikalala kwenye kitanda cha wageni. Nilijiambia najaribu tu. Nilikula samaki niliyempika kwa ajili yangu, kwa limau na siagi iliyobaki, nikaoga kwa sabuni yenye harufu, nikalala mpaka jua likaingia hemani. Hakuna aliyeniita. Nitakuambia ukweli ambao baba mwenye akili hamwambii mtoto wake: sijawahi kufurahi vile, si kabla wala baada. Siku ya pili nilijipangia na mimi. Kula, kuoga, kulala, kutazama maji. Nilikaa kwenye kiti cha kitambaa, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajiita bwana mkubwa kwa sauti na kujijibu mwenyewe.

Siku ya tatu akaja Ewoi, yule mvuvi wa Kerio unayemwona akija hapa kunywa chai na kuondoka bila kuzungumza. Alinikuta kitandani, mchana, shuka imenifika kifuani. Akasimama mlangoni mwa hema.

"Ejok?" akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok."

"Mama Akiru amenituma. Anasema mtoto anachemka sana. Anasema kuja na gari, apeleke Lodwar."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi usiku. Hanyonyi."

Nikamwambia, "Injini ya boti imekufa. Mwambie ninaitengeneza, nitakuja."

Ewoi akageuka akaitazama boti. Akasema, "Nikuangalilie? Mimi najua hizi injini." Nikasema hapana, inataka kifaa. Akasema, "Basi panda yangu, twende saa hii." Nikasema kambi haiwezi kuachwa bila mtu, mali ya watu. Akanitazama, akatazama kitanda, akatazama sabuni juu ya kigogo. Alisukuma boti yake majini akaenda.

Niliendelea kulala. Nataka uisome hiyo sentensi mara mbili. Nilijiambia watoto huchemka kila wiki na kesho yake wanakimbia. Nilijiambia mama yako ana haraka na kila kitu. Na chini ya hayo yote nilikuwa najua jambo moja, kwamba nikiondoka pale sitalala tena kwenye kitanda kama kile, na nilitaka siku mbili zaidi.

Siku ya tano niliondoka. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Pikapu ilikuwa pale ufukweni nilipoambiwa, magurudumu yameingia mchangani kidogo, nayo ikawaka. Nilifika nyumbani nikakuta watu wamekaa nje. Mama yako alikuwa amenyoa kichwa na amevua shanga zote, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wakifiwa. Alikuwa amekaa na Ebei, mdogo wako wa kunyonya, kando ya barabara kutwa nzima akingoja gari lolote lipite. Jioni likapita lori la samaki wakavu. Ebei alifia juu ya magunia, katikati ya Kerio na Lodwar, na mama yako akaenda naye hivyo hivyo mpaka mjini kwa sababu lori halikuwa la kurudi.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Hukuelewa. Ulinikimbilia, ukaingiza mkono kwenye mfuko wangu, ukatoa zile sabuni ndogo za wageni ukaanza kuzinusa moja moja. Mpaka leo ukinunua sabuni unainusa, na mpaka leo natoka chumbani.

Mama yako aliniuliza swali moja tu. "Injini ilikuwa na nini?" Nikasema plagi. Akaitikia kwa kichwa. Ndugu zake walipokuja kunilaumu ni yeye aliyesimama mbele yao, kichwa kimenyolewa, akasema, "Injini iliharibika. Mlitaka aogelee na mamba?" Alinitetea kwa uongo wangu. Na kwa sababu watu wanauliza, uongo ule ulitaka matengenezo. Mwaka wa kwanza ilikuwa plagi. Baadaye ikawa plagi na mafuta yenye maji. Mjomba wako mmoja ni fundi, aliniuliza maswali ya kifundi, nikalazimika kuongeza kamba ya kuwashia iliyokatika. Miaka kumi na nane naitengeneza ile injini kwa mdomo, Akiru, na haijawahi kuharibika hata siku moja.

Kisha tukahamia Lodwar nikafungua hoteli hii. Watu wanasema mimi mchapa kazi, padri alinitaja mbele ya watu. Wewe Jumamosi uliona kitu walichokikosa wote. Nikimwona mtu amelala mchana najiona mimi, na shuka kifuani, na Ewoi mlangoni. Siwezi kuvumilia. Mama yako akiegemea ukuta tu, mdomo wangu unafunguka wenyewe kumwita. Sikuhitaji yale maji. Sikuhitaji ule mkaa. Nilihitaji asilale. Nimemnyima usingizi mwanamke ambaye hakulala hata ile siku moja aliyokuwa na haki ya kuanguka chini.

Alhamisi iliyopita Mama Riziki, rafiki yako fundi cherehani Mkongo, alileta kutoka Kakuma zile nguo za vitenge mlizoshonewa. Wewe ulikuwa sokoni. Mama yako aliivaa yake, akaingia ndani, akatoka na shanga. Zilezile alizozivua kwa ajili ya Ebei. Nilidhani alizigawa zamani. Alizifunga moja baada ya nyingine mbele ya kile kioo kilichopasuka, polepole, na Mama Riziki akapiga makofi. "Eh mama, uko muzuri! Kule utapumuzika, tena utapumuzika muzuri. Utarudia kijana, tutakukosa!" Mama yako akacheka mpaka akajifunika mdomo. Mimi nilikuwa nasukuma chapati. Nilizisukuma mpaka zikatoboka.

Jumapili nikachukua kitambulisho.

Sikukichukua kwa wivu wa kuachwa, ingawa wivu ninao, na hata kofia hukunifikiria, basi kofia tu. Nilikichukua kwa woga. Nilimwona akilini mama yako amelala pale kwenye kitanda cha kamba, siku ya pili au ya tatu, mwili wake umejua kupumzika kwa mara ya kwanza. Boti zinaenda na kurudi mbele yake. Injini moja inazima, mtu anavua shati, anaitazama, inawaka. Hakuna haja ya kumwambia chochote. Mtu akilala vile anaelewa mwenyewe jinsi ilivyo tamu, na jinsi mtu mwingine, mahali pengine, alivyoshindwa kuinuka. Angeelewa akiwa mbali na mimi, na wewe pembeni yake, na msingerudi kuniambia.

Ulitaka nikupe neno la kuondokea. Hili ninalo, na nimelilipia, na kama hulitaki litupe baharini. Miaka yote hii nimelaumu kitanda. Nililaumu shuka, samaki, sabuni, uvivu wangu wa siku mbili za kwanza. Siku mbili za kwanza hazikuwa na kosa. Mtu aliyechoka alilala, basi. Kosa ni pale nilipoitwa kwa ajili ya mtoto wangu nikachagua kubaki, na kosa la pili ni lile jibu nililompa Ewoi, ambalo nililazimika kuliishi. Niliyachanganya hayo na kupumzika, na mama yako ndiye aliyeadhibiwa. Utakuwa hospitalini, utachoka, utatamani kutosikia ukiitwa. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu nilichofanya mimi.

Usidhani nimelainika. Bado nakukasirikia kwa kunisema mbele ya mama yako katika nyumba yangu. Nakukasirikia kwa kuondoka na kazi nzuri na cheti kizuri na kuniachia meza nane na kimya. Nakukasirikia kwa kuwa na akili kuliko mimi wakati nina mvi. Na nakupenda, jambo ambalo leo linanizidishia hasira tu. Wala sikuombi msamaha wa Ebei. Wewe si wa kunisamehe kwa hilo, hukuwa wewe uliyekaa kando ya barabara.

Kwa hiyo barua hii haitakuja kwako kwanza. Nilipoanza kuandika nilitaka kuiweka chini ya nguo kwenye sanduku lako uisome ukiwa umeshafika, halafu uamue wewe kama umwambie. Nimeona huo nao ni ujanja, ni kumtuma mtu mwingine na jibu langu. Nimeshatia mkono kwenye unga nikakitoa kitambulisho, nakifuta na aproni hapa. Nitakiweka ndani ya kurasa hizi nimpe mama yako mkononi. Kusoma anasoma polepole, ila anamaliza. Nitakaa mbele yake mpaka amalize, na sitamwita kufanya lolote.

Akitaka kwenda kesho, atakwenda, na mimi nitabeba sanduku lake mpaka kwenye ndege. Akitaka kukaa huko na wewe asirudi, hiyo nayo ni haki yake, na usimshawishi kwa upande wangu wala kwa upande wako. Barua hii ikikufikia, ujue ni yeye aliyekupa, na kwamba anajua. Ikiwa hakukupa, usiniulize.

Sasa hivi anasugua ile sufuria kubwa ya maharagwe, amenipa mgongo, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Shanga amezivaa tangu Alhamisi. Nikimaliza mstari huu nitamwita kwa mara ya mwisho, na bado hajui.

Baba yako